Mgeni Katika Siku za Chiriku

Sogeeni hapa karibu na goti langu. Wewe uliye mlangoni ingia au toka, usisimame katikati. Mwenye kutafuna amalize kutafuna. Hadithi hii haisimuliwi kwa sauti kubwa, kwa sababu aliyemo ndani yake alikuwa na masikio mazuri kuliko yetu, na mimi sina haja ya kumwita mara ya pili. Nyamazeni sasa. Haya, hivyo hivyo.

Ilianza mchana mweupe, watu wameshakula, vyombo bado havijaoshwa. Mke mmoja alikuwa ameketi kwenye mkeka anamsimulia mumewe siku moja ya mtoto wao marehemu. Alifika katikati, akanyamaza.

"Endelea," mume akasema.

"Subiri kidogo."

"Umesahau?"

Akamtazama mumewe kama mtu aliyetukanwa. "Mimi nisahau? Sijasahau. Kuna mtu mlangoni."

Mume akageuka. Mlangoni palikuwa na jua tu, na kuku wa jirani anaparua.

"Siyo mlango huu wa leo," mke akasema polepole. "Mlango wa siku ile."

Ngoja niwaeleze hawa watu ni nani, ndipo mtaelewa kwa nini mume alisikia baridi mgongoni na jua linawaka vile.

Mume alikuwa fundi wa viti, na wote walimwita Fundi, hata dada yake wa tumbo moja. Mke walimwita Bi Jana, kwa sababu hakuna jana iliyowahi kumpotea. Msidhani alikuwa na akili za darasani. Mtume dukani, nusu ya vitu ataviacha huko huko. Mfundishe wimbo, kesho ameuvuruga. Lakini siku alizoziishi yeye mwenyewe zilikaa ndani yake nzima nzima, kama sahani kabatini. Mtajie Jumanne yoyote ya zamani, atafumba macho kidogo, halafu atakwambia aliamka na nini moyoni, nani alipita barabarani na amevaa shati gani, kandambili ya nani ilikatika, na mchuzi ulizidi chumvi au haukuzidi.

Watu walimtumia kumaliza ubishi. Wengine walimkimbia. Wifi yake, yaani huyo dada wa Fundi, mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe, alikuwa akisema, "Mimi na wewe, wifi, hatugombani tena. Mtu anakutukana kidogo tu, wewe unamrudishia matusi yake ya tangu uchumba, mpaka pale alipovuta pumzi."

"Ulivuta pumzi baada ya kuniita mchoyo," Bi Jana anajibu huku anachambua mchele. "Ulikuwa na mafua."

Wote wanacheka. Lakini kucheka kuna mwisho wake. Mimi na nyinyi tukifiwa, siku zinapita juu yetu, zinatufunika taratibu kama vumbi linavyofunika kabati, mpaka tunaweza kulala. Bi Jana hakufunikwa. Mtoto wao wa pekee, waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi, alikufa kwa homa akiwa bado hajamaliza kung'oa meno ya utoto. Na kila asubuhi mama yake alikuwa anafiwa upya.

Lakini pia alikuwa naye. Hilo mlielewe vizuri. Wengine wakifiwa hubaki na picha iliyopauka. Yeye alibaki na mtoto mzima, kila siku yake, na harufu ya kichwa chake. Ndiyo maana mle ndani kukawa na desturi. Baada ya chakula cha mchana Fundi anafunga karakana, anakuja mkekani, anauliza, "Leo twende siku gani?" Na Bi Jana anachagua. Siku Chiriku alipokataa kuoga kwa sababu maji "yana baridi ya makusudi". Siku alipomfundisha paka kusalimia wageni. Fundi anasikiliza amefumba macho, anacheka, anafuta machozi kwa mkono wenye unga wa mbao, halafu anarudi kazini.

Siku moja tu hawakuwahi kwenda. Siku ya mwisho. Siku hiyo Fundi hakuwepo nyumbani. Homa ilikuwa imeshuka asubuhi, wakadhani mtoto amepona, naye akaenda kwa mteja mmoja kumrekebishia kiti kilichokuwa kinayumba. Aliporudi, alikuta wanawake wamekaa chini.

Sasa, siku chache kabla ya ule mchana wa mgeni mlangoni, Fundi alikuja mkekani na hakuuliza.

"Leo tunakwenda siku ile," akasema.

"Ile hatuendi, baba Chiriku."

"Kila mtu alikuwepo isipokuwa mimi. Dada alikuwepo. Jirani aliyekuja kuomba kiberiti alikuwepo. Mimi nilikuwa napiga nyundo kwenye kiti cha mtu." Akakung'uta unga wa mbao mikononi. "Niweke."

"Nikuweke wapi?"

"Pembeni ya kitanda palikuwa na kiti. Kile nilichokuwa sijakipaka vanishi. Kilikuwa na mtu?"

"Hakikuwa na mtu."

"Basi niweke hapo. Najua ni uongo. Wewe nisimulie tu, mara moja, nikiwa nimekaa."

Bi Jana alikuwa hajawahi kuongeza kitu kwenye siku zake, hata unywele. Lakini alimtazama yule mwanamume, mabega yake yalivyoshuka, akaona huruma. Akafumba macho, akaisimulia siku ya mwisho, na alipofika kwenye kiti akasema, "Na baba yake alikuwa amekaa hapo, ameushika mkono wake." Fundi akalia kama mtoto. Usiku huo alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu msiba.

Hapo ndipo walipokosea. Sisi wengine tunaongeza chumvi kila tunapofungua mdomo na hakuna kinachotokea, kwa sababu kumbukumbu zetu ni vibanda tu, upepo unaingia huku unatokea kule. Za Bi Jana zilikuwa nyumba za mawe, zimezibwa kila upande. Alitoboa tundu moja kwa mapenzi, kiasi cha mtu mmoja kukaa. Na nje kulikuwa na kitu kilichokuwa kikizunguka siku nyingi, kinapapasa ukuta.

Baada ya ule mchana, mgeni akawa haondoki. Alikuwa amevaa shati la kazi la Fundi, amempa Bi Jana mgongo. Katika siku ya mvua alikuwa amekaa kizingitini. Katika siku ya paka alikuwa amekaa jikoni, kwenye kigoda, magoti juu. Popote alipokuwa palinuka. Fundi mwenyewe alinuka mbao kavu, harufu safi. Huyu alinuka mbao zilizozama majini muda mrefu, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya nywele zilizoungua.

"Labda ni mimi," Fundi alinong'ona. "Si uliniweka mwenyewe?"

"Nilikuweka siku moja, penye kiti. Mimi sikukuweka jikoni."

Wakati wanasema hivyo, kile kiti kilikuwa chumba cha pili, pembeni ya kitanda kitupu, pale pale kilipobaki tangu msiba. Kikalia. Kwii. Kama mtu mzito anajiweka sawa.

Fundi akasimama nusu. "Viti vyangu havilii," akasema, na kwa hofu yote aliyokuwa nayo, bado alionekana ameudhika.

Hawakwenda kutazama.

Siku zilizofuata Bi Jana hakutaka kukumbuka. Lakini kwake kukumbuka hakukuwa kwenda, kulikuwa kuletewa. Akisikia sufuria inaanguka kwa jirani, siku ya sufuria inafunguka yenyewe, na mgeni yumo, na safari hii amesogea karibu zaidi na mtoto. Akinusa sabuni, siku ya kuoga inafunguka, na mgeni yumo, ameinama juu ya beseni, na Chiriku anamnong'oneza jambo ambalo mama yake halisikii, yeye ambaye alikuwa amesikia kila neno lililotoka kwenye kinywa kile tangu neno la kwanza.

Ndipo mgeni akageuka.

Fundi alimkuta mkewe uani, kamba ya nguo ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliye juu ya daraja.

"Nimeuona uso wake," akasema.

"Ukoje?"

"Sijui."

"Si umesema umeuona?"

"Nimeuona, baba Chiriku. Nimeutazama vizuri, kama ninavyokutazama wewe. Halafu nimeangalia pembeni." Akaiachia kamba. "Sikumbuki."

Wajukuu zangu, mume yule aliogopa harufu, aliogopa kiti kilicholia, lakini hakuna kilichomtisha kama kumsikia mke wake akisema neno hilo kwa mara ya kwanza tangu amjue.

Na kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Kulikuwa na siku ya viatu. Chiriku alinunuliwa viatu vipya, akavivaa cha kulia kushoto na cha kushoto kulia, akagoma kubadilisha, akatembea navyo hivyo nyumba nzima anajisifu. Bi Jana aliipenda siku hiyo kuliko zote, na ilimfungukia mchana mmoja alipokuwa anafagia. Akaiona sakafu ileile, akaona jua limelala kwenye sakafu palepale, akamwona mwanawe anakuja na vile viatu vyake vinavyotazama nje, na mgeni akainuka kwenye kigoda, akanyoosha mkono mrefu kuliko mkono unavyotakiwa kuwa, na Chiriku, badala ya kumkimbilia mama yake kama alivyofanya siku ile na kila mara siku ile iliposimuliwa, akavivua viatu vyake taratibu, akavipanga, akaupokea ule mkono, akasema, "Twende, baba," wakatoka mlangoni wote wawili bila kutazama nyuma, na Bi Jana akabaki ndani ya siku aliyokuwa anaijua kila uzi wake akisikiliza nyayo zao zikienda mahali ambapo yeye hakuwahi kufika.

Akaifungua siku ile tena. Sakafu ipo, jua lipo, viatu vipo. Mtoto hayupo.

Akafungua siku ya paka. Paka alikuwa anausalimia ukuta.

Ndipo wifi yake alipokwenda kumleta mganga. Alikuwa bibi mfupi, mzito wa kusikia, anayetembea kama anamdai mtu barabara. Alikaa chini bila kukaribishwa.

"Semeni kwa sauti," akasema. "Sisikii vizuri, na ndiyo maana majini hayaniwezi. Yananitisha, yananitisha, mwisho yanachoka."

Wifi akacheka peke yake, kisha akaona aibu.

Bi Jana hakuweza kusema kwa sauti. Basi mganga akasogea, akaweka sikio lake mdomoni kwa mgonjwa, akasikiliza mpaka mwisho. Aliporudi nyuma hakuwa na utani tena.

"Kuna majini yanayotaka damu, hayo nayafukuza kabla sijanywa chai," akasema. "Hili halina wa kulikumbuka. Tangu limekuwepo halijawahi kuwa ndani ya siku ya mtu. Nyinyi mmelipatia kiti na mmelipatia jina. Mmeliita baba. Na mtoto akiitwa na baba yake ataacha kwenda?"

"Likizimaliza siku zote?" Fundi akauliza.

"Mama atabaki na nyumba isiyo na mtoto. Hata jina la mtoto atawauliza majirani."

Bi Jana akasema, "Niambie la kufanya. Lolote."

"Wewe la kufanya ni dogo. Isimulie ile siku kama ilivyokuwa, bila kumhurumia mtu." Akamgeukia Fundi. "Mzigo ni wa kwako. Likikusemesha, utajua la kulijibu."

"Na zile zilizokwisha kuchukuliwa," Bi Jana akauliza, "zitarudi?"

Mganga akajifanya hakusikia.

Waliingia chumba cha pili mchana uleule, dirisha wazi. Kiti kilikuwa pembeni ya kitanda, mbao zake bado ghafi. Fundi akakaa chini sakafuni. Mganga akaketi mlangoni, na wifi nyuma yake, ameng'ang'ania nguo yake. Bi Jana akafumba macho.

Akasimulia asubuhi, jinsi homa ilivyoshuka na Chiriku akaomba uji, akaulalamikia uji. Jinsi baba yake alivyomuaga akiwa na nyundo begani. Akasimulia homa ilivyorudi, jirani alivyoingia kuomba kiberiti akakisahau mkononi, kitambaa kilivyokauka kwenye paji la uso kabla hujauondoa mkono. Chumba kikaanza kunuka. Kwanza mbao zilizooza kwa maji, kisha nywele. Wifi akaziba pua.

"Pembeni ya kitanda palikuwa na kiti," Bi Jana akasema. "Kiti hakikuwa na mtu."

Kwii.

"Nilikuwepo," kiti kikasema.

Ilikuwa sauti ya Fundi. Fundi mwenyewe, pale sakafuni, alishika koo lake.

"Nilikuwepo," sauti ikaendelea, kwa upole, kwa upole kabisa. "Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto, halafu ukaanza kupoa kwenye vidole. Akaniambia, baba, usiondoke. Nikamwambia siondoki. Alikufa ananitazama mimi, hakuogopa hata kidogo. Fundi mwenzangu, sema nilikuwepo. Sema tu hivyo, nami nitakuachia usingizi wako."

Fundi alikuwa anakitazama kile kiti, na machoni mwake mlikuwa na njaa, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyokuwa ameyataka kuliko kitu chochote duniani, na hapa alikuwa anapewa bure, kwa sauti yake mwenyewe, akiwa hana la kufanya zaidi ya kutikisa kichwa akubali.

"Mke wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Aliniulizia?"

Hilo Bi Jana alikuwa hajawahi kumwambia.

"Alikuulizia," akasema. "Alisema, baba amefika? Nikamwambia yuko njiani. Akanyamaza kidogo, akauliza tena. Aliuliza mpaka alipoacha kuuliza."

Fundi akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Kiti kililia taratibu, kwii, kwii, kama mtu anayembembeleza mtoto gotini.

"Sikuwepo," Fundi akasema chini kwa chini.

Kiti kikanyamaza.

Akainua kichwa. "Sikuwepo. Nilikuwa nagonga mguu wa kiti cha mtu. Alinililia na mimi sikuwepo. Hapo pangu palikuwa patupu, na patakuwa patupu mpaka nife. Ondoka."

Upepo haukuvuma. Hakuna kilichovunjika. Harufu tu ilipungua, kama mtu aliyebeba kikapu kinachonuka anavyotembea kwenda mbali, na katikati ya kupungua kwake wote wanne, hata mganga na masikio yake yale, walisikia kicheko cha mtoto nje ya dirisha. Kilikuwa kinakwenda. Kikafika barabarani, kikawa hakisikiki.

Bi Jana alikuwa bado amefumba macho. Walimwona anatafuta. Uso wake ulikuwa unahama kutoka siku hadi siku, kama mtu anayefungua milango ya nyumba kubwa. Viatu. Paka. Beseni. Mvua. Mwisho akafumbua.

"Limeondoka naye," akasema. "Nimebakiwa na siku hii tu tuliyoisimulia. Siku aliyokufa. Humo bado yumo."

Wifi akaanza kulia. Mganga hakupokea malipo. Alisema njaa imemuuma, akala, akaenda zake.

Siku nyingi walikaa mkekani baada ya chakula bila kusema kitu. Bi Jana bado aliweza kukwambia nani alikohoa sokoni miaka ile, lakini pale alipokuwa Chiriku palikuwa na jua sakafuni tu. Mpaka mchana mmoja Fundi akajikohoza.

"Kulikuwa na siku moja," akasema, "sijui ilikuwa lini. Nadhani mvua ilikuwa inanyesha. Au labda siyo mvua, labda alimwagikiwa na maji. Alikuwa amelowa. Akaja karakana, akasema kitu, nikacheka sana."

"Alisema nini?"

"Sikumbuki."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Mama Chiriku, mimi sikumbuki mambo kama wewe. Kitu chekundu. Labda."

Bi Jana alimsogelea, akamwekea kichwa begani. "Basi irudie," akasema. "Irudie hivyo hivyo."

Na ndivyo walivyozeeka, mume anabahatisha, mke anapokea.

Fundi alitangulia, Bi Jana akamfuata. Randa, patasi na misumeno alirithi mpwa wao, mtoto wa wifi, na anavitumia vizuri, ingawa viti vyake vinalia. Nyumba waligawana ndugu wa pande zote mbili, kwa kelele zao. Kitanda kikubwa alichukua jirani yule wa kiberiti. Kile kiti hakuna aliyekitaka, kikapasuliwa kuni.

Wifi yeye alichukua sanduku la nguo. Chini kabisa alikuta gauni dogo la maua, limeraruka begani, likashonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Alilishika pale kwenye mshono, akaanza kuwauliza watu. Mtoto alilirarua wapi? Alilia, au alicheka? Nani alilishona? Alikwenda nyumba hadi nyumba nalo mkononi. Walilitazama, wakaligeuza, wakamrudishia. Hakuna aliyejua. Basi akalikunja, akalirithi hivyo hivyo, bila siku yake.